Mwaka Ulipokatwa Mvule

Mwezi uliopita mjukuu wangu Lusekelo alikuja Bujonde na mwenzake wa kazi. Wote wawili ni marubani wa ndege ndogo, zile za kubeba barua na wagonjwa. Nilikuwa sijamwona kwa miaka minne, tangu alipokwenda kujifunza kazi hiyo, basi nikachinja jogoo, nikapika na ndizi za mbalaga kwa nazi, kisha nikabaki jikoni, maana bibi wa umri wangu akikaa mezani na vijana watajilazimisha kumuuliza habari za shamba. Ukutani kuna kidirisha cha kupitishia sahani. Nikawasikia wakibishana juu ya kipimo cha mafuta. Mwenzake alisema sindano ikionyesha yamejaa, basi yamejaa. Lusekelo akasema yeye haiamini sindano, kila safari hupanda juu ya bawa akachungulia tangi kwa macho yake, hata mvua ikinyesha. Kisha wakahamia kwa mkubwa wao mmoja aliyetaka kutua penye ukungu, na kijana aliyeketi naye akaogopa kumkatiza. "Si angesema tu!" alisema Lusekelo. "Ungesema wewe?" mwenzake akamuuliza. Mjukuu wangu akajipakulia ndizi nyingine. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, na mchuzi ukaungua nikiutazama.

Neno hilo, rubani, nililijua kabla anga la kwetu halijapitiwa na ndege hata moja. Wakati ule rubani alikuwa mtu wa majini. Ninayemsema mimi alikuwa baba wa mume wangu, na mambo ninayoyaandika yalitukia mwaka mmoja kabla Wajerumani na Waingereza hawajaanza kupigana. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeolewa na Asajile hata mpunga wa kwanza sijavuna. Mfanyabiashara mmoja wa Kijerumani alikuwa na stima ndogo iliyochukua mpunga na ngozi kutoka Mwaya kwenda pwani za kusini za ziwa. Sisi tulimwita bwana wa stima. Katikati ya ziwa usukani aliushika mwenyewe, kwa madaha, na tumbaku mdomoni. Wakikaribia mlango wa mto wa Mwaya alimwachia Rubani, akaenda kusimama pembeni kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Asajile alikuwa chini, kwenye joko linalochemsha maji ya stima, akichochea moto.

Bwana wa stima alitujengea watumishi wake nyumba moja ndefu ya mianzi, akaikata katikati kwa ukuta wa mianzi, upande huu Rubani na mkewe, upande ule mimi na Asajile. Alidhani ametufanyia wema. Kwetu mtoto wa kiume akikua hujenga mbali na baba yake, kijiji mbali kabisa, kwa sababu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wamegombana. Ni heshima. Nikisikia anakohoa njiani naingia vichakani, na yeye akiniona kwa mbali anageuza uso na kushika njia nyingine. Sasa tazama sisi, tumewekwa chini ya paa moja, tunasikilizana hata mikoromo! Mwezi wa kwanza nilikonda. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nimejifunika kaniki mpaka kichwani, nikajikwaa kwenye mawe ya jiko la mama mkwe, naye akacheka mpaka akakaa chini. "Mwe bandu, jamani watu," alisema, "mkwe wangu amekuwa popo." Mama mkwe alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na ndiye aliyenifundisha kwamba jambo hili lina ufundi wake. Ili umkwepe mtu, alisema, ni lazima umjue kuliko wanaomtazama. Basi nikamjua Rubani kwa kikohozi, kwa mguu wake wa kulia alioukokota kidogo, kwa namna alivyoshusha pumzi kabla ya kukaa. Naye bila shaka alinijua mimi vivyo hivyo, kimo changu na mwendo wangu, tangu mbali.

Na kwa sababu ya ukuta ule nilijifunza urubani. Stima ikiwa nangani, Rubani alikula upande wake pamoja na Fundi Salimini, Myao mmoja aliyekuja kutoka upande wa Waingereza, mtu wa mitambo, mkono wake wa kushoto umeungua tangu kiwiko hadi vidole. Asajile alikaa nao, mdogo kwao, hasemi sana. Mimi nilikaa upande wangu, mgongo kwenye mianzi, nikichambua maharage au nikisuka mkeka. Walikula ndizi na samaki mbasa wa kuchoma na mtindi kutoka chungu cha Wakisi, na huku wanatafuna walizungumza habari za kufa na kupona kama watu wengine wanavyozungumza habari za ng'ombe. Fundi Salimini alisimulia juu ya kile kioo kirefu kinachoonyesha maji yaliyomo ndani ya joko. "Kioo kinaweza kukudanganya," alimwambia Asajile. "Kijibomba chake kikizibwa na uchafu, utaona maji yamesimama pazuri, kumbe ndani pamekauka. Fungua kizibo cha chini kwanza, maji yatoke, uone yanarudi. Yasiporudi, usingoje kumuuliza mtu. Chomoa moto." Akauliza, "Utafanyaje?" Asajile akajibu, "Nitachomoa moto." "Hata bwana akikupigia kelele?" Nikasikia Asajile akinywa mtindi. Fundi akacheka. "Hapo ndipo wanapofia."

Rubani mambo yake yalikuwa ya juu, ya pwani na upepo. Bwana wa stima alikuwa na ramani, na Rubani aliiheshimu ramani kama unavyomheshimu mgeni asiyejua njia ya chooni. "Karatasi hiyo haijanyeshewa mvua," alisema. "Mto kila masika unahamisha mchanga wake. Mwaka juzi fungu lilikuwa kushoto, mwaka jana likaja katikati. Sasa karatasi itajuaje?" Akaeleza njia yake, na nadhani alikuwa akimfundisha Asajile, kwa kuwa alirudia mara nyingi. Ukitoka kusini, utauona mvule mkubwa ulio peke yake juu ya tuta, na nyuma yake paa la ghala la mpunga. Hapo ulipo havijapangana. Unakwenda mashariki pole pole mpaka shina la mvule lisimame katikati ya paa. Vikishapangana, umefunguliwa mlango, ingia moja kwa moja na usitetereke, hata upepo wa mwera ukikupiga nyuma. "Alama moja ni uongo," alisema. "Alama mbili zikipangana, hapo ndipo penye kweli." Nilikuwa msichana wa kulima na kubeba kuni, lakini maneno yale niliyashika kama sala. Nilikwenda hata kwenye tuta siku stima haipo, nikaushika mvule kwa mikono yangu, nikajisikia mtu mkubwa.

Kuni ndizo zilizotuponza. Stima ilikula kuni kama jitu, na sisi wanawake ndio tuliozibeba kutoka porini hadi gatini. Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Njia za porini zilijaa maji mpaka magotini, mizigo ikapungua, na bwana wa stima kabla ya kusafiri kwenda kusini alimwachia nyapara amri kwamba akirudi akute kuni za safari nzima, la sivyo nyapara atafute kazi nyingine. Nyapara alikuwa mtu wa kuja, mwenye haraka. Stima ilipokwisha kuondoka siku sita, alisimama gatini, akatazama kulia na kushoto, akaona mti mkubwa mkavu upande mmoja, karibu, hakuna haja ya kufuata kuni porini. Tulipofika asubuhi na kamba zetu, wanaume wanne walikuwa tayari wamefikisha shoka nusu ya shina.

Nilipiga kelele. Mimi niliyekuwa sisemi mbele ya wanaume, nilikwenda nikasimama mbele ya nyapara nikamwambia kwamba mti ule ndio njia ya stima, kwamba Rubani haingii bila huo. Alinitazama kwa mshangao. "Wewe umejuaje kazi ya Rubani? Amekwambia yeye?" Wanawake wenzangu wakaangua kicheko, maana kila mtu alijua Rubani ni nani kwangu. Nikasema nimesikia. Nyapara akasema, "Mama, mwenye macho haambiwi tazama. Rubani ana macho, na mlango wa mto uko pale pale ulipo." Mvule ulianguka kabla ya adhuhuri. Nami nikabeba vipande vyake, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa zamu yangu, na mpaka leo hilo linaniuma kwa namna yake.

Jambo baya zaidi sikuliona siku hiyo. Nililiona kesho yake nilipokwenda ufukweni kuchota maji. Mbele zaidi upande wa mashariki, juu ya tuta lile lile, palikuwa na mvule mwingine, mdogo, uliokuwa umefichwa siku zote na ukubwa wa ule wa kwanza. Sasa ulisimama peke yake. Mtu akija kutoka kusini, kwenye mvua, akitafuta mvule ulio peke yake ili aupange na paa la ghala, ataupata. Atapanga alama mbili, atasema hapa ndipo penye kweli, na atakwenda moja kwa moja juu ya fungu la mchanga. Niliacha mtungi pale pale nikakimbia kwa mama mkwe.

Hakunicheka. Alikuwa mke wa rubani kwa miaka mingi na alielewa kabla sijamaliza. Siku tatu zile sitaki kuzikumbuka na sizisahau. Tulikwenda kwa nyapara, akatufukuza. Tukaomba shoka tuukate na ule mdogo, akasema mwanamke akigusa shoka la stima atamfunga. Mama mkwe alikwenda kwa wavuvi kuomba mtumbwi uende kuilaki stima nje, wakamwonyesha ziwa kwa kidole. Mwera ulikuwa umeanza, mawimbi yanakuja meupe toka upande wa kusini, hakuna mtumbwi ambao ungetoka ukarudi. Tulifunga kaniki yangu ya pili kwenye mwanzi mrefu tukausimamisha juu ya kisiki cha mvule. Upepo uliuangusha. Tukausimamisha tena, tukaukandamiza kwa mawe, upepo ukaubeba mwanzi na kaniki. Tuliwasha moto ili utoe moshi, mvua ikauzima. Nilikuwa nalia huku nakusanya kuni nyingine mbichi. Mama mkwe aliniambia, "Lia, lakini mikono isisimame." Nilimwomba Mungu wa misheni, na nilipoona hajibu nikawaomba na wale wa bibi yangu. Usiku Asajile alinijia kichwani akisema, nitachomoa moto, nitachomoa moto.

Siku ya nne mchana stima ilionekana. Kulikuwa na wingu chini, milima ya ng'ambo haionekani, lakini moshi wake tuliuona. Wanawake wa kuni wakateremka ufukweni kama desturi, maana stima ikija watu hupunga na kushangilia, na mabaharia huwapungia. Mama mkwe aliwaambia wapunge kwa kukataza, wapige kelele isimame. Walifanya hivyo, maskini, kwa nguvu zao zote. Nani angetambua tofauti? Nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala, mahali pangu pa siku zote stima ikija, nikachungulia. Mama mkwe aliingia majini mpaka kiunoni, akatupa mikono huku na huku akipiga yowe. Kule mbele ya stima, kwenye usukani, niliona mkono wa Rubani umeinuka. Alikuwa anampungia mkewe.

Stima ilikuwa inakwenda mashariki pole pole, kama alivyosema. Inatafuta. Ilipita mahali pa kweli ikaendelea. Hapo wazo lilinijia, na nililiona zuri, naapa. Rubani amezoea kuwaona wanawake wote pale ufukweni isipokuwa mmoja. Mimi sijawahi kusimama pale yeye akija. Akiniona mimi, mke wa mwanawe, nimetoka wazi, bila kujifunika, nakimbia kumwelekea, atajua dunia imeharibika. Hakuna alama nyingine ambayo angeiamini kuliko hiyo. Nikaivua kaniki kichwani nikatoka. Nilikimbia kwenye ule ulimi wa mchanga unaoingia ziwani, mpaka ncha yake, mawimbi yakinipiga mapajani, nikainua mikono, nikaita, "Simama! Simama! Rudi nyuma!" Walikuwa karibu hivi kwamba niliona rangi ya kofia yake.

Aliniona. Niliona ameniona, kwa kuwa mabega yake yalishtuka. Na kisha akageuza uso.

Aligeuza uso wake kulia, kabisa kabisa, kidevu begani, kama anavyofanya mtu mwenye adabu njiani. Mikono ikabaki kwenye usukani, inashika njia aliyokwisha kuipanga. Alinipa heshima yangu yote. Stima ikaja na upepo wake nyuma, ikapanda fungu la mchanga kwa kishindo nilichokisikia miguuni mwangu, pua ikainuka, wimbi la nyuma likaiinua tena na kuibamiza, ikalala ubavu. Watu wa juu walirushwa majini wakaogelea. Kutoka chini ulitoka mvuke mweupe na mlio ambao sikuwahi kuusikia kabla wala baada. Maji ya joko yalikuwa yamekimbilia upande mmoja, na Asajile hakungoja kumuuliza mtu. Alikuwa anachomoa moto, kama alivyofundishwa, bomba lilipokatika kando yake. Fundi Salimini ndiye aliyemtoa. Kama moto ule ungebaki, alituambia, joko lingepasuka na watu wote wangekufa. Basi mume wangu aliwaokoa watu kumi na mmoja. Tulimlaza kwenye majani ya migomba yaliyopakwa mafuta, kwa kuwa hakuweza kulalia mkeka. Aliishi siku tatu. Siku ya pili aliniuliza kama moto ulizimika, nikamwambia umezimika, akashukuru, "Ndaga," kama vile nimempa maji.

Bwana wa stima aliuliza mbele ya watu wote kwa nini rubani aliyeingia mlango ule zaidi ya mara mia amekwenda juu ya mchanga. Rubani akasema jua lilimpiga machoni. Sote tulikuwa pale, tuliolowa mvua tangu asubuhi ile, na hakuna aliyefungua mdomo. Alipelekwa bomani akapigwa viboko hamsa ishirini, na kazi akanyang'anywa. Nyapara hakuulizwa kitu, kwa sababu Rubani hakuutaja mvule. Angeutaja, wangeuliza kama hakuna aliyejaribu kumwonya, na hapo ningetajwa mimi. Wazee kwa upande wao walinikalisha wakaniuliza kwa nini nilimtokea baba mkwe wangu kichwa wazi. Wazazi wangu walitoa ng'ombe wa kunitakasa, nikasamehewa. Heshima si utumwa, walisema, na wakaila nyama.

Nilikaa upande wangu wa ukuta mpaka matanga yalipokwisha, peke yangu sasa, kabla sijaolewa mara ya pili. Siku moja alasiri Fundi Salimini alikuja kuaga, anarudi kwao. Mama mkwe aliwapa ndizi, nikasikia hakuna anayezila. Ndipo Fundi akauliza kwa sauti ya chini, lakini mianzi ni mianzi, "Ulimwona yule binti?"

"Nilimwona," alisema Rubani.

"Ukadhani ametoka bure?"

Nilimsikia akishusha pumzi. "Salimini, mkwe wa mtu hatoki bure. Nilijua papo hapo kwamba kuna jambo. Nilijiambia, tazama. Nikaiambia shingo yangu, geuka, mwanao yuko chini, geuka umtazame binti huyu anasema nini. Shingo ikakataa." Kisha akaanza kulia, mtu mzima yule, na katikati ya kilio nikasikia anasema, "Naye hakunyamaza. Mtoto wa watu alijitoa aibu yake yote, akaniita mpaka mwisho."

Upande wangu nilikuwa nimekaa, nimeziba mdomo kwa viganja viwili. Kwa sababu sikumwita mpaka mwisho. Alipogeuza uso, mimi nilifanya nilichofundishwa tangu utotoni. Magoti yalikunjika yenyewe. Nilichuchumaa majini, nikajiziba uso kwa mikono, na nikanyamaza. Palikuwa na muda bado, wa pumzi nne, labda tano, na usukani ulikuwa mikononi mwake. Sauti za "simama" zilikuwa nyingi ufukweni, hazikumsaidia kitu. Ila jina lake mwenyewe, likitoka kinywani mwa mke wa mwanawe, lingemgeuza hata kama amekufa. Hakuna mwanamke anayelitaja jina la baba mkwe wake. Mimi nililijua, lilikuwa limenijaa mdomoni, nikalimeza.

Ningeweza kumwambia alasiri ile. Mianzi ilikuwa kati yetu, nisingemwona wala asingeniona, na maneno mawili tu yangempunguzia nusu ya mzigo wake. Nilikaa nikamsikiliza akinisifu. Aliishi miaka ishirini na mitatu baada ya siku hiyo, na alikufa akiamini kwamba mmoja wetu aliita.